Nyumba Ukingoni mwa Korongo: Tupime Umbali Kabla ya Kununua Saruji

Msafiri apandaye kutoka Himo kupitia Marangu na Mwika hadi Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, hupita katika nchi ambayo kiwanja tambarare ni kitu adimu. Upande mmoja ardhi inapanda kuelekea Mawenzi. Upande wa pili inateremka kuelekea nyanda za mpakani mwa Kenya. Na kati ya pande hizo makorongo yameikata ardhi vipande vipande. Katika vipande hivyo ndimo vilimo vihamba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 260,000 katika wilaya hii, na kihamba kilichomtosha babu leo hugawanywa kwa wana na wajukuu. Anayegawiwa mwisho aghalabu hupata sehemu inayopakana na korongo. Naye hujenga hapo, kwa kuwa hana pengine.

Makala haya yanahusu swali moja la uhandisi ambalo kila mwenye kihamba cha namna hiyo angepaswa kujiuliza kabla ya kumwita fundi. Je, msingi uliowekwa karibu na ukingo wa mteremko una uwezo gani wa kubeba mzigo, na tufanye nini ili uwezo huo usipotee? Maoni yetu ni kwamba umbali kati ya msingi na ukingo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuuimarisha msingi, na ndiyo tunayoipuuza kuliko zote. Tunahesabu mifuko ya saruji na vipande vya nondo, lakini hatupimi zile hatua chache ambazo hazina bei dukani.

Mchanga hubebaje mzigo?

Tuanze na ardhi tambarare. Ukuta wa nyumba hukandamiza msingi, na msingi hukandamiza mchanga ulio chini yake. Chini ya msingi hujitokeza kabari ya mchanga inayosukumwa chini pamoja na msingi wenyewe. Kabari hiyo, ikitaka kushuka, hulazimika kuusukuma pembeni mchanga wa kulia na wa kushoto. Na mchanga huo, kwa kuwa hauna pa kukimbilia, hulazimika kuinuka juu kwa njia ya mviringo. Kinachozuia yote hayo yasitokee ni mambo mawili: uzito wa mchanga wa pembeni, na msuguano wa chembe kwa chembe. Picha hii ilichorwa kwanza kwa hesabu na Ludwig Prandtl wa Ujerumani mwaka 1920, naye Karl Terzaghi akaieleza kwa ajili ya misingi ya majengo katika kitabu chake cha mwaka 1943.

Sasa tuupeleke msingi huohuo ukingoni mwa mteremko. Upande wa mlimani mambo ni yaleyale. Upande wa bondeni, sehemu kubwa ya ule mchanga uliokuwa ukiuegemeza msingi haipo. Mahali pake pana hewa. Kabari inaposukuma, husukuma upande ule usio na mlinzi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama juu ya lundo la mchanga wa ujenzi anajua: katikati ya lundo mguu huzama kidogo tu, lakini pembeni mchanga hukimbia chini na mguu hukimbia nao. Mwaka 1957, katika mkutano wa wataalamu wa udongo uliofanyika London, G. G. Meyerhof alionyesha kwa hesabu jinsi uwezo huo unavyopungua kadiri mteremko unavyokuwa mkali na kadiri msingi unavyousogelea ukingo. Alionyesha pia habari njema: msingi ukirudishwa nyuma, uwezo hurejea, na katika mchanga athari ya mteremko karibu hutoweka umbali unapofikia takriban mara nne hadi sita za upana wa msingi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yenye kuta za matofali ya saruji na paa la bati, inayoweka mzigo wa tani 3 juu ya kila mita moja ya urefu wa msingi. Upana wa msingi uwe sentimita 60 na kina chake sentimita 60. Mchanga basi unatakiwa kubeba tani 5 kwa kila mita ya mraba.

Tuseme mchanga huo hauna mshikamano, pembe yake ya msuguano ni nyuzi 30, na uzito wake ni tani 1.7 kwa kila mita ya ujazo. Kwa kanuni zinazotumiwa na wahandisi, katika ardhi tambarare mchanga huu hauvunjiki mpaka ufikiwe mzigo wa karibu tani 27 kwa mita ya mraba. Mzigo wetu ni tani 5 tu. Usalama ni zaidi ya mara tano, ilhali desturi ya wahandisi ni kuridhika na mara tatu. Fundi akijenga hapa kwa uzoefu wake tu, bila hesabu yoyote, nyumba itasimama.

Sasa tuweke msingi huohuo ukingoni kabisa mwa mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele. Mteremko huo si mkali kwa macho ya Mrombo. Kwa kanuni iliyopendekezwa na Vesić mwaka 1975, uwezo unaobaki ni robo moja tu ya ule wa tambarare, yaani chini kidogo ya tani 7. Usalama uliokuwa zaidi ya mara tano sasa haufiki hata mara moja na nusu. Nyumba itasimama bado, lakini imesimama kwa bahati.

Kisha masika yaingie. Maji yakijaa ardhini hadi kuufunika msingi, mchanga hupoteza karibu nusu ya uzito wake wenye manufaa, kama vile jiwe linavyokuwa jepesi likiinuliwa ndani ya maji. Uwezo wa tani 7 hushuka hadi tani 3 na nusu hivi. Mzigo wa nyumba haukushuka. Ni tani 5 zilezile. Hapo bahati imekwisha. Nyumba iliyokaa kiangazi kizima bila ufa huanza kupasuka pembeni, mlango hugoma kufungika, na sakafu ya upande wa bondeni huachana na ukuta.

Udongo wa mlimani na udanganyifu wake

Msomaji anaweza kusema kwamba ardhi ya Kilimanjaro si mchanga mtupu. Ni kweli. Tunao udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkeno iliyooza, tunayo majivu ya volkeno, na tunazo changarawe nyeusi na nyekundu za vilima vidogo vilivyolipuka ubavuni mwa mlima mkuu. Huko Holili, katika wilaya hiihii, huchimbwa pozolana inayotumika katika utengenezaji wa saruji. Udongo wa namna hizi una mshikamano kiasi, na ukiwa na unyevu kidogo hushikana zaidi, kwa sababu maji machache yaliyo kati ya chembe huzivuta zikaribiane. Ndiyo maana mtu anaweza kuchonga ukingo uliosimama wima nyuma ya nyumba yake, nao ukakaa mwaka baada ya mwaka.

Lakini mshikamano huo wa unyevu ni mkopo. Mvua nyingi zikiingia, vile vijishimo kati ya chembe hujaa, mvuto wa maji hutoweka, na mkopo hudaiwa wote kwa siku moja. Ukingo uliosimama miaka kumi haujathibitisha kwamba ni imara. Umethibitisha tu kwamba katika miaka hiyo kumi haujaloa vya kutosha.

Mkoa wa Kilimanjaro unajua gharama ya mteremko uliolowa. Novemba 2009 maporomoko ya udongo katika eneo la Mamba Miamba, Wilaya ya Same, yaliua watu zaidi ya 20. Desemba 2023, katika Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, tope la mlimani liliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Misiba hiyo ilikuwa ya ubavu mzima wa mlima kusogea, na hakuna msingi wa nyumba ungeweza kuizuia. Jambo tunalolijadili hapa ni dogo kuliko hilo: ukingo mmoja, nyumba moja, familia moja. Hata hivyo adui ni yuleyule, maji ndani ya udongo ulio mteremkoni. Na hili dogo liko katika uwezo wetu.

Wazee walijengaje?

Wako wanaosema kwamba wazee wetu waliishi katika miteremko hiihii bila mhandisi. Hoja hii inastahili jibu la heshima. Nyumba ya asili ya Mchaga ilikuwa ya miti na nyasi. Mzigo wake ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na ukuta wa matofali ya saruji, na tena ikiyumba haikupasuka, bali ilijipinda tu. Aidha, kihamba kilikuwa kikubwa, na mwenye kihamba aliweza kuchagua mahali pazuri pa kukaa, kingo za korongo akaziachia miti. Hesabu ya wazee ilikuwa sahihi kwa nyumba yao. Sisi tumebadili nyumba, tumebadili mahali, lakini tumeiacha hesabu vilevile.

Paa nalo limebadilika. Nyasi hupokea mvua na kuidondosha polepole pande zote. Bati huitupa yote mara moja. Paa lenye mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50 za mvua, hutoa lita 5,000 za maji. Yakiachwa yamwagike upande wa bondeni, yanaingia palepale ambapo msingi ni dhaifu. Katika Rombo, ambako maji ni shida ya miaka mingi, lingekuwa jambo la busara maji hayo yakusanywe. Lakini tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Likiwekwa ukingoni, tumeondoa hatari moja na kuleta nyingine. Mahali pake ni upande wa mlimani, juu ya ardhi iliyokatwa na isiyojazwa kifusi.

Mchanga uliotiwa nguvu

Sasa tumfikirie yule asiye na nafasi ya kurudi nyuma. Yeye sayansi inamwambia nini?

Mchanga una tabia moja inayofanana na ya zege: hustahimili kukandamizwa, lakini haustahimili kuvutwa. Zege tumelitia nondo ili nondo ipokee mvuto. Fundi wa nyumba ya udongo alijua jambo hili zamani, kwani alitia fito ukutani na nyasi katika udongo wake. Katika miaka ya 1960 mhandisi Mfaransa Henri Vidal aliitumia fikra hiyo kwa tuta zima la udongo: alitandaza vipande virefu vya chuma kwa matabaka, akajaza mchanga kati ya tabaka na tabaka, akaushindilia. Mchanga unapotaka kukimbilia nje, husuguana na vipande hivyo, navyo huushika. Leo hutumiwa pia nyavu ngumu za plastiki ambazo hazipati kutu.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba faida yake si ndogo. Majaribio ya Binquet na Lee, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1975, yalionyesha kwamba mchanga uliotiwa matabaka chini ya msingi uliweza kubeba mara mbili hadi nne ya mchanga mtupu. Mengine, yaliyochapishwa Kanada mwaka 1989, yalichunguza hasa msingi ulio juu ya mteremko, yakaonyesha kwamba tabaka moja la wavu hufanya kazi vizuri zaidi likiwekwa chini ya msingi kwa kina cha kati ya nusu ya upana wa msingi na chini kidogo ya upana mzima. Kwa msingi wetu wa sentimita 60, hiyo ni sentimita 30 hadi 55 hivi. Wavu ukizikwa mbali mno chini, kabari hupita juu yake bila kuugusa, na fedha imepotea.

Lakini kuna sharti ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Wavu hushika tu ikiwa mwisho wake umezikwa ndani ya udongo usiosogea. Kipande kifupi kilichoishia ndani ya udongo unaoteleza huteleza pamoja nao. Katika kuta za udongo ulioimarishwa, kanuni ya kawaida ni kwamba urefu wa kila tabaka kuelekea mlimani usipungue sehemu 7 katika 10 za kimo cha ukuta. Ukuta wa mita 3 unadai matabaka ya zaidi ya mita 2 kwenda ndani. Kwa hiyo ukuta mwembamba wa mawe na saruji, uliojengwa mbele ya kifusi kisichoshindiliwa, bila matabaka na bila matundu ya kutolea maji, haukuimarisha chochote. Umeuficha mteremko usionekane, na umeyafungia maji nyuma yake.

Jaribio la darasani

Walimu wa sayansi wanaweza kuyathibitisha haya bila maabara. Chukueni sanduku la mbao lenye upande mmoja wa kioo. Jazeni mchanga mkavu, upangeni uwe tambarare upande mmoja na mteremko upande wa pili. Wekeni ubao mwembamba ukingoni mwa mteremko, uwe badala ya msingi, na ongezeni mawe yaliyopimwa moja baada ya jingine mpaka ubao uzame. Andikeni uzito. Rudieni ubao ukiwa nyuma ya ukingo kwa mara mbili, kisha mara tano ya upana wake. Mwisho rudieni ukingoni, mkiwa mmetandaza kipande cha wavu wa dirisha chini ya ubao. Wanafunzi watakaoona kupitia kioo jinsi mchanga unavyokimbilia upande wa bondeni, yamkini hawatahitaji mhadhara siku watakapojenga.

Mapendekezo

Kwanza, tuwe na kanuni ya umbali inayoeleweka na kila mtu. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, tunapendekeza msingi usiwe karibu na ukingo kuliko mara tano ya upana wake; au, ikiwa ukingo ni mkali, usiwe karibu kuliko kimo cha ukingo wenyewe; kati ya vipimo hivyo viwili, kilicho kikubwa ndicho kifuatwe. Msingi wa sentimita 60 juu ya ukingo wa mita 2 utarudi nyuma mita 3. Ukingo wa mita 5 utadai mita 5. Nyumba ya ghorofa, au mteremko wenye dalili za kusogea, ni kazi ya mhandisi.

Pili, mpaka huo uonekane kwa macho. Wachaga wanao mmea wa kuonyeshea mipaka, nao ni isale. Hakuna asiyejua maana ya mstari wa masale kihambani, na hakuna anayeuvuka ovyo. Twapendekeza upandwe mstari wa pili wa masale sambamba na ukingo wa korongo, kuonyesha mahali ambapo msingi usivuke. Kati ya mstari huo na ukingo ipandwe miti na mabingobingo, ambayo mizizi yake itaushika udongo wa juu nayo majani yake yatalisha ng'ombe.

Tatu, asiye na nafasi apange vizuri kidogo alicho nacho. Nyumba ikae kwa urefu kufuata usawa wa mlima. Kilicho kizito kiwe juu, kilicho chepesi, kama banda la kuku, kiwe chini. Msingi wa upande wa bondeni uchimbwe zaidi, kwa kuwa katika mteremko wa mita 1 kwa mita 2, kila nusu mita ya kina humpa mtu mita nzima ya umbali kutoka uso wa mteremko. Kamwe nusu ya nyumba isikae juu ya ardhi iliyokatwa na nusu juu ya kifusi kilichomwagwa siku hiyohiyo. Kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20. Maji ya paa na ya choo yaongozwe mbali na ukingo.

Nne, kanuni hizi ziingie katika kibali cha ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa, na shabaha yake ni kuhifadhi maji na mazingira yake. Ukingo ambao mwenye nyumba ameuchonga mwenyewe nyuma ya jiko lake ni jambo jingine. Halmashauri na serikali za vijiji zingeweza kuuliza swali moja tu kabla ya msingi kuchimbwa: ukingo uko umbali gani, na una kimo gani? Kamba na kijiti chenye alama vinatosha kulijibu. Swali hilo liulizwe mapema, kabla ya Desemba, mwezi ambao wenyeji wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka miji ya mbali na kutaka kuona ukuta umeinuka kabla likizo haijaisha.

Tano, na hili ni la watafiti wenyewe, tuupime udongo wetu. Kanuni zilizotajwa humu zilitokana kwa sehemu kubwa na mchanga safi wa chembe ngumu. Changarawe za volkeno ni nyepesi, zina matundu, na chembe zake huweza kupondeka chini ya mzigo. Pembe yake ya msuguano, na jinsi inavyoshika wavu, vinastahili kupimwa hapa kwetu, kisha matokeo yaandikwe kwa Kiswahili katika jedwali ambalo fundi wa Mkuu anaweza kulibandika ukutani mwa karakana yake. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, pamoja na vyuo vyetu vya uhandisi, wanao ujuzi wa kazi hiyo.

Watu wa Rombo hawawezi kuambiwa wahame mlimani, na hakuna haja ya kuwaambia hivyo. Ardhi yao ni nzuri, na nyumba imara inaweza kujengwa juu yake. Kinachotakiwa ni kwamba kijana aliyegawiwa kipande cha ukingoni apewe, pamoja na ardhi hiyo, kipimo cha kumwonyesha mahali pa kuanza kuchimba.